Kijiti Chenye Alama

Kabla ya chaki kuufikia mlima Kilimanjaro, somo lilichongwa kwenye mti. Wachagga walikiita kijiti hicho mregho. Ni fimbo ya kushika mkononi, imekatwa alama kwa kisu, na kila alama ina fundisho lake. Mzee aliyekabidhiwa kazi ya kufundisha aliweka kidole kwenye alama, akaimba maneno yake, vijana wakarudia mpaka yakawaingia. Ndipo kidole kikahamia alama inayofuata. Wavulana walipewa mafunzo yao jandoni, kwenye ngasi. Wasichana walikuwa na unyago wao, shija.

Ukiisikia habari hiyo juujuu utasema haya ni mambo ya mila, lugha inaingiaje hapo? Mimi naona lugha ndiyo iliyokuwa kiini chake. Kijana aliyeingia jandoni alikuwa tayari na Kichagga cha mama yake, Kichagga cha kuchunga mbuzi na kukata majani ya ng'ombe. Alichokwenda kupewa ni lugha ya watu wazima: mafumbo yake, na namna ya kutaja mwili, mimba na kukua kwa mtoto tumboni bila kuvunja heshima. Fimbo iliyashika maneno hayo kwa mpangilio ili yasipotee wala yasichanganyike. Walimu wetu wa leo wangeiita zana ya kufundishia, na wasingekosea.

Naanza na mregho kwa sababu simulizi nyingi za elimu ya mlimani huanza na mmisionari anayefika na sanduku la vitabu, kana kwamba mlima mzima ulikuwa ukimngoja yeye ndipo watu wafundishane.

Kiswahili nacho kilipanda mlima bila kitabu. Kilikuja na misafara ya pwani, na wafanyabiashara waliofuata pembe za ndovu na watumwa, wakapumzika kwa mamangi, watawala wa Wachagga, na kununua vyakula. Johannes Rebmann alipouona mlima tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wa safari yake alikuwa Bwana Kheri wa Mombasa, mtu wa misafara aliyezijua njia za bara. Miaka ya baadaye Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alizungumza Kiswahili na wageni wake bila kuhitaji mkalimani wa kumsemea. Alikijifunza kwa kukaa na watu wa pwani barazani kwake. Wakati huo vitabu vya kufundishia Kiswahili vilikuwa vichache na vilimlenga mgeni: Edward Steere alitoa mwongozo wake mwaka 1870, na kamusi ya Ludwig Krapf ikachapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya mwandishi wake kufariki. Mzungu alihitaji kitabu ili azungumze na Rindi. Rindi hakuhitaji kitabu ili azungumze na Mzungu.

Shule zilianza kwa kusuasua. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo kwa Rindi mwaka 1885, wakakifunga mwaka 1892 baada ya vita kati ya Wajerumani na Mangi Meli, mwana wa Rindi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika Kilema mwaka 1890. Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walipiga hema Machame, na miaka michache baadaye wakawa na vituo Mamba na Kidia, Old Moshi. Hapo ndipo swali gumu lilipoanza, swali ambalo mlima umelijibu mara kadhaa na kila mara kwa jibu tofauti: mtoto afundishwe kwa kitabu cha lugha gani?

Mapadre walikuwa wametokea Bagamoyo. Mwenzao Charles Sacleux alikuwa bingwa wa Kiswahili, na shirika lao lilikuwa na mazoea ya kukitumia pwani nzima. Waliegemea Kiswahili. Watu wa Leipzig walikuja na fikra nyingine. Kwao neno la Mungu halina budi kumfikia mtu katika lugha aliyonyonya kwa mama yake, na kanisa la kweli huota ndani ya ukoo, ujirani na desturi za watu wenyewe. Kwa hiyo waliketi na wazee, wakasikiliza, wakaandika, wakatunga vitabu vya kujifunzia kusoma, katekisimu, nyimbo na hadithi za Biblia kwa Kichagga.

Nawaheshimu kwa hilo. Kuna mtu aliyeamini kwamba maneno ya bibi yangu yanastahili wino, wakati wakubwa wengi wa zama zile waliyaona kama kelele za kondeni. Ila Kichagga si kimoja. Mtu wa Machame akisema kwake Kimachame, wa Old Moshi akajibu Kimochi, wa Marangu akaingiza Kivunjo chake na wa Rombo akaongeza yake, watakaoelewana sawasawa ni majirani tu. Kitabu cha Machame hakikusomeka vizuri Rombo. Kila bonde lilitaka chapa yake, na kila chapa ilitaka karatasi, herufi za risasi, meli kutoka Ujerumani, na wapagazi wa kubeba masanduku. Wasomaji wa kila lahaja walikuwa wachache na gharama ilikuwa ileile. Husemwa kwamba Kiswahili kililetwa mlimani kwa amri ya serikali. Amri ilikuwepo, ndiyo. Lakini kabla ya amri kulikuwa na hesabu ya uchapaji, na kitabu kimoja cha Kiswahili kingeweza kusomwa kutoka Tanga hadi Ujiji.

Kuna jambo jingine kuhusu vitabu vya miaka ile ambalo halitajwi sana. Vingi kati ya vile vilivyokuwa vinene na makini havikuandikwa kwa ajili ya mtoto wa Kichagga. Mwaka 1909 Johannes Raum alichapisha sarufi ya Kichagga cha Moshi. Emil Müller, mmoja wa waliofika Machame mwaka 1893, aliacha kamusi ya Kimachame iliyotoka Hamburg mwaka 1947. Ni kazi za maisha, na anayechunguza lugha za mlima hawezi kuzipita. Zote mbili zimeandikwa kwa Kijerumani. Zilikuwa zana za kumfundisha mgeni lugha ya mwenyeji, huku mwenyeji akipewa kitabu chembamba cha silabi na maombi.

Mwenyeji hakungoja. Mwaka 1902 Walutheri walianzisha chuo cha kuandaa walimu Old Moshi, na mwaka 1912 kikahamia Marangu, mahali kilipokita mizizi. Walitoka humo vijana waliorudi vijijini na vibao vyeusi vya sleti, boksi la chaki na kitabu kimoja au viwili, wakafungua madarasa kwenye vibanda vya miti na majani ya migomba. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na pamoja na shehena nyingine ikarahisisha safari ya karatasi. Ilikuja na gazeti pia, maana Kiongozi lilichapwa Tanga kwa Kiswahili tangu miaka ya mwanzo ya karne hiyo, na kwa mwalimu wa kijijini gazeti lilikuwa kitabu cha kusomea kisichokwisha.

Mmoja wa walimu wa kizazi hicho ni Nathaniel Mtui wa Marangu. Alizunguka kwa wazee akiuliza habari za koo, vita na mamangi, akajaza madaftari 9 ya historia ya Wachagga. Wageni walioandika juu ya mlima baada yake walichota humo. Kathleen Stahl aliyatumia katika kitabu chake cha historia ya Wachagga cha mwaka 1964. Ninapomfikiria Mtui namwona akiwa na daftari la kawaida, lile la mistari, ambalo mwanafunzi hufanyia imla. Kifaa cha darasani alikitoa darasani, akakipeleka kwenye baraza za wazee, na humo lugha ya simulizi ikageuka kuwa maandishi kwa mkono wa mwenyewe.

Vita ya kwanza ya dunia iliwang'oa Wajerumani. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig walirudishwa kwao, na walianza kurejea mwaka 1925. Kwa miaka hiyo walimu wa mlimani ndio waliobeba shule nyingi za vijijini na ibada za Jumapili. Vitabu havikuletwa tena kutoka Leipzig. Kilichokuwepo kilishonwa, kikanakiliwa kwa mkono, kikakaririshwa kwa sauti. Ninaamini kwamba hapo ndipo ualimu wa lugha mlimani ulipokomaa, kwa sababu mwalimu aliyebaki na kitabu kimoja chakavu kwa watoto 50 hulazimika kukijua kitabu hicho kuliko aliyekiandika.

Waingereza walikuja na mpango wao. Shule ya serikali ilifunguliwa Old Moshi mwaka 1922. Mwezi Januari 1923 Idara ya Elimu ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililosomwa madarasani na vibarazani. Mwaka 1925 mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam, mwaka 1928 mwingine Mombasa, na huko Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ilianza kazi chini ya katibu wake Frederick Johnson. Kazi yake kubwa ilihusu vitabu hasa: tahajia iwe moja, kamusi ziandaliwe, na vitabu vya shule vipitiwe kabla ya kuingia darasani.

Johnson mwenyewe alitafsiri kwa bidii. Mwaka 1929 vilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa Chenye Hazina, na vizazi vya wanafunzi vikajifunzia humo Kiswahili kirefu cha masimulizi. Hebu mfikirie mtoto wa Kibosho au Uru aliyeshika kitabu hicho cha pili. Maji aliyoyajua ni ya mfongo, mfereji waliouchimba mababu kutoka msituni kuleta maji kwenye kihamba, shamba la ukoo. Hajawahi kuona bahari. Sasa anasoma habari za mabaharia, matanga na nanga, kwa lahaja ya Unguja, kutoka kwa mwandishi wa Uskoti. Inawezekana kabisa kwamba alifurahi. Hadithi nzuri haichagui nyumba. Lakini neno "tanga" aliliweka kichwani bila kitu cha kulishikiza, na mwalimu ndiye aliyelazimika kukitafuta kitu hicho, labda kipande cha shuka kilichotanuliwa na upepo kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Polepole vikaja vitabu vya Kiswahili vilivyouzungumzia mlima wenyewe. Mwaka 1932 kilichapwa Asili na Habari za Wachaga cha Charles Dundas, aliyewahi kuwa afisa wa serikali Moshi. Kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 1947, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Mangi Petro Itosi Marealle. Hapo Mchagga anaeleza desturi za kwao kwa Kiswahili, na kwa kitendo hicho Kiswahili kinaacha kuwa lugha ya msafara, ya padre au ya karani wa boma. Kinakuwa lugha ambayo mtu wa Marangu anaweza kuzungumzia ndani yake wafu wake. Miaka ya 1950 Moshi ilikuwa na gazeti lake pia, Komkya, jina la Kichagga lenye maana ya kumekucha, huku kurasa zake zikiwa za Kiswahili. Jina lile na kurasa zile zilieleza vizuri mlima ulipofikia: mlango wa Kichagga, sebule ya Kiswahili.

Na mregho? Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi kwa miaka mingi, aliketi na wazee akayaandika mafundisho yao alama kwa alama. Aliyachapisha kwa juzuu 3 nene kati ya mwaka 1932 na 1938, kwa Kijerumani. Otto Raum, mwana wa yule mwandishi wa sarufi, alitoa kitabu chake juu ya malezi ya mtoto wa Kichagga mwaka 1940, kwa Kiingereza. Mwaka 1960 hata maisha ya mwalimu Filipo Njau, kama alivyoyasimulia mwenyewe, yalitoka kwa Kijerumani. Nilipokuwa chuoni nilitaka kujua alama za mregho zilisema nini. Nikaambiwa nijifunze kwanza Kijerumani. Sina kinyongo na Gutmann, kwa sababu bila yeye pengine tusingekuwa na neno hata moja. Lakini nilikaa muda mrefu kwenye ngazi za maktaba siku ile. Somo lililotungwa ili mjukuu alipokee kwa sikio lilikuwa limefungiwa nyuma ya lugha ambayo pale kijijini hakuna wa kuisoma.

Baada ya uhuru swali la kitabu cha lugha gani lilifungwa. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilitoka mwaka 1967, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Vikaja vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu. Mtanzania aliyesoma miaka hiyo ukimtajia "Kibanga ampiga mkoloni" au "Sizitaki mbichi hizi" atatabasamu popote atakapokuwa, Rombo, Newala au Kigoma. Sijui zana nyingine ya darasani iliyowaunganisha watu wengi kiasi hicho. Watoto wa mabonde ambayo zamani yasingeshirikiana kitabu kimoja sasa walicheka mahali palepale pa hadithi ileile. Kichagga kikabaki nyumbani, kanisani na kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, bila kitabu darasani. Ilikuwa bei kubwa, na tuliilipa bila kuihesabu.

Mwaka 1971 ulifika mlimani kwa namna ya pekee. Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa wilaya 6 zilizowekwa mbele katika kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa takriban asilimia 67. Hadi mwaka 1975 walishuka hadi 39, na mwaka 1986 hawakufika 10. Nyuma ya tarakimu hizo kuna madarasa ya ngumbaru, jioni, baada ya shamba. Bibi yangu alisoma katika mojawapo. Alisimulia kwamba walikutana kwenye ghala la kahawa kwa sababu lilikuwa na mlango mpana na mwanga, na giza likiingia iliwashwa chemli moja juu ya gunia. Mwalimu wao alikuwa binti aliyemaliza darasa la saba, ambaye bibi alikuwa amemzalisha mama yake.

Vitabu vya kampeni vilitungwa kwa kazi za watu: vya pamba, vya uvuvi, vya ufugaji, vya migomba. Wazo lilikuwa zuri, kwamba mtu asome neno la kitu anachokishika kila siku. Ila vilianzia mikoa ya ziwa, na si kila kilichoandikwa juu ya migomba ya huko kilikubaliwa na wanawake wa Kilimanjaro, wanaoitambua kila aina ya ndizi kwa jina, kwa rangi na kwa kazi yake: ya kupika, ya kuiva, ya mbege. Bibi alisema kuna jioni darasa zima liliacha kusoma likabishana na kitabu. Binti yule hakukasirika. Aliwaambia wamtajie majina ya ndizi za kwao, akayaandika ubaoni moja baada ya jingine, na wakayasoma yale. Bibi alijifunza herufi nyingi jioni ile kuliko wiki nzima iliyotangulia. Mpaka anafariki, cheti chake cha kisomo kilikuwa ndani ya Biblia, kimekunjwa mara nne.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu, karatasi ikaadimika pamoja na sabuni na sukari. Kuanzia miaka ya 1990 wachapishaji binafsi waliruhusiwa kuandaa vitabu vya shule, kila shule ikachagua chake, hadi ilipoamuliwa kurudi kwenye kitabu kimoja cha kiada kinachoandaliwa na Taasisi ya Elimu. Mijadala ya sera hizo ni mirefu na siiingilii hapa. Mtoto wa darasa la pili hajui sera. Anajua kama kitabu kipo mezani au hakipo.

Kwetu kilikuwepo nusu. Shule yetu ilikuwa juu, karibu na msitu, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia darasani kupitia madirishani. Kitabu chetu cha kusomea Kiswahili kilikuwa kimeng'oka kurasa za katikati kabla sisi hatujazaliwa. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa ameandika kurasa zilizopotea kwa mkono, kwa wino wa buluu, kwenye karatasi za daftari, akazishona mahali pake kwa uzi wa mkonge. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi za duara, zilizosimama wima, kila moja imekaa kwenye mstari wake. Tulipofika katikati ya hadithi, tulihama kutoka chapa kwenda mwandiko, kisha tukarudi kwenye chapa, na hatukuona ajabu. Tulidhani vitabu vyote viko hivyo.

Miaka mingi baadaye nilikuta nakala nzima ya kitabu kile kwa muuza vitabu vya zamani Moshi mjini. Nilifungua katikati nikasoma nimesimama. Hadithi haikuwa ile. Mwanzo ulikuwa uleule na mwisho uleule, lakini safari ya mtoto yule wa hadithini, katikati, haikupita kwenye mfongo, wala hakukutana na bibi kizee chini ya mti wa msesewe, wala hakupewa jani la sale alipeleke nyumbani kuombea msamaha. Mwalimu hakuwa na nakala ya kunakili. Alijua hadithi inakotoka na inakokwenda, akatupitisha njia ya kwetu.

Nilikinunua. Nyumbani nilitafuta uzi, nikaandika kurasa zile kama ninavyozikumbuka, nikazishona ndani yake.